Siku moja kwenye mabwawa ya samaki, Busia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bado giza. Kabla ya chai, mita ya oksijeni. Natumbukiza ncha yake bwawa la tatu: miligramu 2.3 kwa lita moja ya maji. Ngege, yaani tilapia, wamejaa juu, midomo nje, wanahema. Kambare wa bwawa la pili hawana habari. Wao wana kiungo cha kuvutia hewa ya kawaida, majini ikipungua wanapanda kuichukua.

"Mwanangu, kuna mtu ametutilia sumu," ananiambia mzee anayelinda usiku.

"Hapana, mzee. Ni mawingu ya jana."

Hajawahi kuridhika na jibu hilo, na simlaumu. Maji yetu ni ya kijani kwa sababu yamejaa mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mwani hutoa oksijeni penye mwanga tu, lakini kupumua hupumua saa zote 24, kama samaki, kama bakteria walio topeni. Jana jua halikutoka sawasawa, kwa hiyo akiba ya oksijeni ilikuwa ndogo, na usiku kucha wote wameitumia. Tunawasha pampu irushe maji hewani.

Saa mbili. Katogo yangu, chakula cha asubuhi, nimekula, samaki bado. Kuna wafugaji wanaomwaga chakula mapema wapate kuendelea na kazi nyingine. Mimi hapo sikubali. Samaki akishiba, mwili wake unahitaji oksijeni zaidi ili kumeng'enya chakula, nawe unamlisha saa ambayo oksijeni ni haba.

Saa nne. Jua kali. Mita inasoma 5. Tunalisha, kidogo.

Saa nane. Wanafunzi wa kidato cha pili wamefika na mwalimu wao. Fomula wameikariri vizuri: kabonidioksidi sita na maji sita, kwa nguvu ya mwanga, hutoa glukosi moja na oksijeni sita. Nawauliza oksijeni hiyo inatoka kwenye kipi kati ya vile viwili. Karibu wote wanasema kwenye kabonidioksidi. Inatoka kwenye maji. Mwaka 1941 Sam Ruben na Martin Kamen, kule Marekani, waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito, yaani yenye atomi zenye uzito kuliko za kawaida, na oksijeni nzito hiyo ndiyo iliyotoka kama hewa. Ndani ya kloroplasti, vijisehemu vya kijani vya seli, mwanga huvunja maji. Elektroni zake, chembe ndogo mno za atomi, hubeba nishati inayotumika kuunganisha kabonidioksidi mpaka iwe sukari.

Msichana mmoja aliyekaa ukingoni ananiuliza, "Sasa mwani ukishakuwa na jua, unapumulia nini tena?"

Swali zuri kuliko lolote nililosikia mwaka huu. Jua halifanyi kazi ya seli moja kwa moja, wala sukari haifanyi. Nikawaambia watazame mpakani hapa, kati ya Kenya na Uganda. Lori la mahindi haliwezi kupita njia za vijijini, kwa hiyo mzigo unashushwa na kugawiwa boda boda wa baiskeli, kila mmoja na gunia lake. Akishusha, anarudi mtupu kupakia tena. Glukosi ndiyo lori. Baiskeli yenye gunia ni ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na ikirudi tupu ni ADP. Upakiaji mkubwa unafanyika ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati kwenye sukari, na mwani unazo, mchana na usiku, sawa na sisi.

"Na oksijeni?" akaendelea. Elektroni zinazotoka kwenye sukari hupokezanwa hatua kwa hatua, zikiachia nishati njiani, na mwisho wa msururu lazima awepo wa kuzipokea. Oksijeni huzipokea, ikawa maji. Isipokuwepo, msururu unakwama: glukosi moja inaipa seli ATP 2 tu, badala ya 30 hivi. Ndiyo maana ngege wa alfajiri wanahema. Wana sukari mwilini, hawana cha kuitolea nishati yake. Hata oksijeni ikiwa tele, zaidi ya nusu ya nishati ya sukari hupotea kama joto. Kaboni inazunguka humu bwawani kati ya mwani na samaki. Nishati hairudi, lazima jua lilete nyingine kesho.

Mwalimu aliongeza kuhusu Jan Ingenhousz, daktari wa Kiholanzi, ambaye mwaka 1779 alionyesha kwamba mimea husafisha hewa mwangani na kuichafua gizani. Nilimtania kwamba angekuja kuishi hapa mabwawani.

Saa tisa na nusu. Mita: 11. Kwa joto hili maji yakiachwa peke yake hayafiki hata 8, mwani umeyazidisha. Asidi nayo imepungua, kwa kuwa mwani umeila kabonidioksidi yote iliyorundikana usiku.

Kisha kufua nyavu, kuhesabu magunia ya chakula, kubishana na mwenye lori. Hayo hayana la kusimulia.

Saa moja jioni. 9.8. Naandika daftarini.

Saa nne usiku. 8.0. Saa tatu zimekula 1.8, yaani 0.6 kila saa. Gizani upumuaji huenda karibu kwa mwendo uleule, hivyo unaweza kupiga mstari ulionyooka: saa nane zaidi ni 4.8, na kufikia saa kumi na mbili itabaki 3.2. Inatosha.

"Mzee, leo pampu usiiwashe, petroli ni ghali."

"Na sumu?"

"Ukiona midomo juu, nipigie simu."