Jinsi nilivyobuni kete mpya ya sataranji na kuipa jina

Nilitaka kete inayoruka mbali kuliko farasi lakini inayoweza kufika kila mraba wa ubao, na sharti hili la pili ndilo lililonipa kazi. Ndovu wa sataranji ya kale aliruka miraba miwili kwa mshazari, na kwa mwendo huo hakuweza kukanyaga zaidi ya miraba 8 kati ya yote 64. Ngamia, ambaye hutumika katika aina nyingi za mchezo huu, huenda miraba mitatu kisha mmoja kando; ni mrukaji hodari, ila hufungwa kwenye rangi aliyoanzia. Kwa hiyo niliuongezea mwendo wa ngamia hatua moja ya mbele, nyuma au kando, kwa kuwa hatua hiyo hubadilisha rangi ya mraba. Kete hiyo ikiwa katikati ya ubao mtupu ina njia 12, ilhali farasi ana 8, na kwenye pembe inabakiwa na 4.

Hesabu pekee haitoshi, lazima kete ichezwe. Niliiweka mahali pa farasi, na mara moja tabia yake ikajitokeza: kutoka mraba b1 (herufi ni safu, namba ni mstari) inaruka hadi c4, kisha f5, na hapo inamtishia mfalme aliye e8 pamoja na kete iliyo g8 kwa mpigo mmoja. Shaha, yaani tishio kwa mfalme, ikitoka kwa mrukaji haizuiliki kwa kuweka kete katikati, hivyo mchezo unaweza kuharibika kabla haujakolea. Badala ya kuifupisha miruko, niliamua iruke bila kula, na kula kwake kuwe kwa hatua fupi tu. Kitunda, kete ndogo kuliko zote, nacho hula kwa njia tofauti na mwendo wake, kwa hiyo kanuni hii haimwelemei mchezaji.

Jina nililiacha mpaka mwisho, na nadhani ndivyo inavyofaa, kwa sababu jina zuri humkumbusha mchezaji mwendo wa kete. Mwingereza Thomas Rayner Dawson alipobuni panzi mwaka 1913, alimpa mwendo wa kufuata mistari ya malkia, kuruka kete moja na kutua mraba unaofuata papo hapo. Ukishasikia jina, mruko hausahauliki. Majina ya vyeo, kama waziri au jemadari, yana fahari lakini hayasemi lolote kuhusu mwendo. Nikachagua komba, mnyama anayeruka mbali kati ya matawi na kukamata wadudu kwa mikono yake. Tena herufi K haigongani na kitunda katika kuandika mchezo, kwa kuwa hatua za kitunda huandikwa bila herufi ya kete. Nikaandika kanuni yake kwa sentensi moja: komba huruka kama ngamia bila kula, na huenda au hula kwa hatua moja isiyo ya mshazari.