Ethanoli ilipopungua kwenye mnara wa ETBE

Leo mchana, kwenye mnara wetu wa kunereka ambamo mmenyuko na utenganishaji hufanyika pamoja, halijoto ya katikati ya tabaka la kichocheo imepanda ghafla, na shinikizo la mnara halijatikisika hata kidogo.

Usuli kidogo.
Ethanoli na isobuteni hukutana kwenye rezini yenye asidi ya salfoniki, ambayo ndiyo kichocheo chetu, zikatoa ETBE, kiongezi cha petroli. Mmenyuko huu hurudi nyuma, lakini ndani ya mnara ETBE hushuka chini kila inapoundwa, kwa hiyo hauna nafasi ya kurudi. Huo ndio uzuri wake!

Chanzo cha leo: chujio la pampu ya ethanoli limeziba.

Ethanoli ikipungua, isobuteni huungana yenyewe kwa yenyewe na kutoa joto kali. Rezini ikifika karibu na 120°C huanza kupoteza asidi yake, na hairudi tena. Ndiyo maana nyuzi chache tu zinatisha.

Punguza isobuteni kwanza, kisha rudisha ethanoli polepole hadi moli 1.05 za ethanoli kwa moli 1 ya isobuteni. Ukiimwaga nyingi, ziada hushuka na ETBE na kuichafua.

Wenzangu wa minara, kengele yenu mmeiweka kwenye halijoto au kwenye uwiano wa malighafi?