Shakwe wa St Ives Hawana Adabu

Nimekulia pwani na sijawahi kunyang'anywa samaki na ndege. Nimenyang'anywa St Ives, huko Cornwall, Uingereza, mchana kweupe na watu wakitazama.

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala kiubavu mchangani. Nimekaa bandarini na samaki na chipsi za bei ambayo kwetu ingelisha nyumba nzima. Mabango yanakataza kulisha shakwe. Mimi sikumlisha, alijilisha. Alinijia kwa nyuma, bawa likanizaba shavu, na kufumba na kufumbua samaki yuko hewani. Chipsi zilizomwagika wenzake walizimaliza kabla sijainuka. Bibi mmoja mwenye mbwa akanishauri kwa upole kwamba hapa mtu hula ameegemea ukuta. Ushauri huo ungekuja na chipsi nyingine ningeshukuru zaidi.

Kwa njaa ile ile nikaingia Tate, jumba la sanaa lililofunguliwa 1993 kuelekea ufukwe wa Porthmeor. Kiingilio nacho si haba. Bustani ya mchongaji Barbara Hepworth niliipita upesi, mvua imeanza.

Aliyenishika ni Alfred Wallis. Alikuwa baharia, akauza vyuma chakavu, na alipofiwa na mkewe akaanza kuchora uzeeni, kwa rangi za mashua juu ya vipande vya maboksi. Mwaka 1928 wachoraji wawili, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mlangoni kwake wakaduwaa. Sifa alipata, pesa hakupata: alifariki 1942 katika nyumba ya maskini. Kaburi lake, lililofunikwa vigae vya mfinyanzi Bernard Leach, liko makaburini juu kidogo ya Tate. Watu wanalipa kuona maboksi yake.

Vichochoroni, karibu kila mlango una kisanduku cha funguo za wageni. Mwaka 2016 wakazi walipiga kura kuzuia nyumba mpya zisiuzwe kwa watu wa kuja likizo tu. Mhudumu wa nyumba niliyolala, chumba kama kabati, anakaa mji mwingine na huja kwa basi.

Nikamkumbuka mjomba wangu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu. Nyumba aliirithi kwa babu yake, akamuuzia Mzungu, akahamia Lamu mjini. Siku hizi akitaka kuswali Ijumaa Shela, anapanda boti na nauli analipa kama mtalii.