Kuchele! Kadi za maoni zimeanza kusomeka

Imekubali. Naandika upesi kabla haijanigeuka: kadi ambazo vijana wa klabu yetu ya usomaji ya Jumamosi huandikia maoni yao juu ya riwaya pale maktaba, hapa Mtwara mjini, zimeanza kusomeka. Nina maana mtu anaichomoa kadi mfukoni mwa kitabu, anasoma, anacheka au ananuna, kisha anakwenda kaunta kukiazima kitabu chenyewe. Zamani kadi zilichomolewa kwa ajili ya kujipepea.

Ninyi mnaoendesha vilabu vya usomaji mnajua habari za kukusanya vijana, kuomba nafasi, na kugawa riwaya chache kwa mikono mingi. Hayo siyarudii. Shida yangu ilikuwa moja na ilinikaba kuliko mengine yote: kila kadi ilikuwa kadi ileile. Hii hapa, neno kwa neno, na msidhani ni ya mtu mmoja:

"Riwaya hii inaelimisha, inaburudisha na kuionya jamii. Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa katika fani na maudhui. Nashauri kila mtu aisome."

Ungeweza kuitoa kwenye riwaya ya Takadini ukaitia kwenye kamusi, na hakuna ambaye angeshtuka. Aliyepita kidato cha nne anaijua sauti hiyo. Ni ya mtihani: dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mtoto anafundishwa hivyo toka kidato cha kwanza, anapewa alama kwa hivyo, halafu Jumamosi anakuja mtu wa steshenari anamwambia, "Andika kama unavyoongea." Ataanzia wapi? Vile vitabu vya kiada ndivyo vibaya zaidi, maana nondo zake, yaani yale majibu ya mtihani yaliyoandaliwa, ziko tayari mitaani. Nazijua vizuri kwa sababu nazitoa kopi mwenyewe dukani kwangu, kurasa nne kwa bei ya andazi. Nikipokea kadi ya riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie nilikuwa naweza kukuambia imetoka ukurasa gani wa nondo.

Basi nikapiga marufuku maneno. Niliandika kwenye manila nikabandika ukutani: hakuna "dhamira", hakuna "jamii", hakuna "inaelimisha", hakuna "tunajifunza". Vijana wakaitikia vizuri tu, kwa adabu zote. Wiki iliyofuata nikaletewa "lengo kuu", "watu kwa ujumla", "inatupa mafunzo" na "tunapata somo". Kijana mmoja aliandika "riwaya hii inae******a", na nyota alizihesabu vizuri. Huyo nilimpa kalamu mpya.

Nikajaribu sauti. Rekodi maoni yako, nitumie WhatsApp, mimi nitaandika. Wazo tamu, ila simu ni ya mama. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, na jioni simu ya mama iko kazini kuliko mama mwenyewe. Nilizopokea zilikuwa na mdogo mtu analia nyuma, na mrekodi anasoma kutoka kwenye daftari: "Riwaya hii inaelimisha, inaburudisha..." Nikaja na mifano, kadi nilizoandika mwenyewe. Wakaiga mifano. Kwa muda fulani vijana wote wa klabu walikuwa wanaandika kama mimi, jambo ambalo silitakii maktaba yoyote.

Hapo nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Kwa muda nikazigeuza kadi ziwe za nyota tu, moja hadi tano, maneno basi.

Kilichonitoa huko ni binti wa kidato cha pili aliyechelewa kurudisha Takadini. Mama mkutubi alikuwa anamuuliza sababu, naye anajikunja kwa aibu, mkono mmoja umeshika kitabu, kidole bado kiko katikati ya kurasa.

"Shikamoo anti," akanigeukia kama mtu anayetafuta mtetezi. "Mimi nilikwama hapa Sekai anapotoroka na mtoto. Nilikuwa na mdogo wangu mgongoni, nabembeleza huku nasoma. Nikafunga. Nikawa nasema nitaendelea kesho, kesho nikifika hapo nafunga tena."

Mama mkutubi akaacha kuuliza habari za kuchelewa. Mimi nikamwambia yule binti andika hayohayo. Akauliza, "Hayo ni maoni?"

Kwa asiyekisoma: Sekai anamzaa mtoto zeruzeru mahali ambapo mila inataka mtoto wa namna hiyo auawe, anatoroka naye. Nimesoma uhakiki wa kitabu hicho mpaka nikachoka, na sijakutana na mstari uliofika mbali kuliko huyo binti na kidole chake.

Nikarudi dukani na swali tofauti kabisa. Sikuuliza tena umeonaje kitabu. Nilitaka kujua umekifunga wapi, na kwa nini.

Utekelezaji wake hauna gharama. Nikikata karatasi dukani hubaki vipande virefu vyembamba ambavyo vilikuwa vinakwenda kuwashia mkaa. Sasa kila riwaya inayotoka Jumamosi inatoka na kipande kimoja, kinakaa ndani kama alama ya ukurasa, ncha inachungulia nje. Vijana wamekibatiza "ulimi". Kila ukifunga kitabu, unaandika kwenye ulimi namba ya ukurasa na sababu ya kufunga. Basi. Hakuna sentensi kamili, hakuna jina la mwandishi, hata tahajia siigusi.

Ndimi za kwanza ziliporudi nilikaa nazo dukani hadi wateja wakaanza kugonga kaunta kwa sarafu. Nanukuu chache, kwa ruhusa ya wenyewe:

"Nimefunga, naitwa kuanua makopa, mvua."

"Taa imezimika. Nimemalizia ukurasa kwa tochi."

"Nimefunga kwa hasira. Mzee Lomolomo. Nimeenda kuoga nikarudi."

"Mwandishi anazunguka, si aseme tu."

"Nimefunga kwa sababu nimebakisha kurasa chache na sitaki iishe."

Yule wa Mzee Lomolomo ndiye aliyekuwa ananiletea nondo. Yuleyule! Kumbe huyo baba mlevi wa kwenye Watoto wa Mama N'tilie alikuwa anamchemsha damu muda wote, ila kwenye kadi alikuwa anaandika "mgogoro wa kifamilia".

Hatua ya pili ni kutoka ulimi kwenda kadi. Kanuni ni moja: chagua mahali pamoja ulipofunga, wasimulie wenzako hapo tu. Hawaruhusiwi kusimulia kitabu kizima, na sasa hawatamani, kwa sababu wana kitu chao cha kusema. Bado "tunajifunza" inajipenyeza kwenye mstari wa mwisho, kama vile kijana anaogopa kutoka bila kuaga. Naiacha. Ikiwa mistari sita ya juu ni yake, wa saba na uwe wa shule.

Ndimi zimenionyesha na jambo lingine ambalo sikulitafuta. Ukizipanga mezani, za Kiswahili kwa Kiswahili na za Kiingereza kwa Kiingereza, tofauti inaonekana kwa macho. Kwenye riwaya ya Kiswahili kijana anakwenda mwendo mrefu kabla ya kufunga, na anafunga kwa sababu za maisha: makopa, mdogo mtu, usingizi. Kwenye ya Kiingereza anafunga kila baada ya kurasa mbili tatu na sababu ni "maneno". Huyu amesoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, kaingia sekondari masomo yote yamegeuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe, na riwaya nyingi nzuri za rika lake tulizonazo ni za Kiingereza, zikiwemo zile zilizoandikwa na Watanzania kupitia Tuzo ya Burt, ya vitabu vya vijana. Kadi zake za Kiingereza nilikuwa naziona fupi nikadhani ni uvivu wa kuandika. Ulimi unasema amepigana na kitabu kila ukurasa na amekimaliza. Sasa kwa riwaya hizo nawapa wawiliwawili, kitabu kimoja, ulimi mmoja. Wanabishana maana ya neno kabla ya kufunga.

Vifaa, maana najua mtauliza. Selotepu msiitie ndani ya kitabu, hasa sisi wa pwani. Joto na unyevu vinaiyeyusha, inaacha mstari wa kahawia na kurasa zinashikana. Pini za stepla zinashika kutu mapema mno, na kutu inahamia kwenye karatasi. Mfuko wa kadi nautengeneza kwa bahasha ya kaki iliyokatwa nusu, nabandika ndani ya jalada la nyuma kwa gundi nyeupe ya seremala. Paka nyembamba kwa mswaki wa zamani, weka kitabu chini ya kamusi mbili usiku kucha. Ukipaka nene, jalada linajikunja na utamsikia mama mkutubi. Kadi yenyewe ni manila. Kalamu ni biki ya bluu na si nyingine: maka inapenya upande wa pili, na kalamu ya jeli ni adui wa mkono wenye jasho. Kuna waliokuja na kalamu za kumetameta. Nimezificha.

Nilikuwa nimepanga baada ya kadi tutoe kijitabu: maoni bora ya vijana, yachapwe, yafungwe vizuri, nakala moja kwa kila shule jirani. Nilishapiga hesabu ya rimu na wino. Mpango huo umelala, na aliyeulaza ni riwaya ya Kiingereza, Detectives of Shangani ya Nahida Esmail.

Ilianza hivi. Vijana wa Shangani, huku kwetu ufukweni, waliona jina rafuni wakakigombania. Mmoja akaondoka nacho kwa maringo, na ulimi wake ukarudi na mstari wa kwanza: "Nimefunga. Siyo Shangani yetu, ni ya Unguja." Akaligeuza hilo kuwa kadi, kadi kali kweli, onyo kwa watu wote wa mtaa wake. Aliyefuata kukisoma akamjibu chini ya kadi hiyohiyo: "Shangani yetu kuna nini cha kuibiwa, pweza?" Wa tatu akaandika kwamba cha kuibiwa kipo, tena Mikindani, mji wa kale jirani yetu, ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na kwamba yeye akipewa daftari ataonyesha.

Nikampa kaunta buku. Ningefanyaje?

Sasa linazunguka. Kila mmoja ana zamu ya siku chache, anaandika sura, anampa mwenzake. Masharti wamejiwekea wenyewe: mpelelezi ni msichana, pikipiki isiruke juu ya gari, na hakuna kufundisha. Hilo la mwisho sikuwatamkia mimi. Wameshamwingiza mtalii aliyekuja kufuata nyayo za Livingstone (Livingstone alianzia safari yake ya mwisho Mikindani mwaka 1866), na sanduku la mtalii huyo limepotea. Sura ya tatu nzima inatokea juu ya gunia la korosho kwenye fuso. Nimesoma vibaya kuliko hivyo kwenye vitabu vyenye jalada gumu.

Na ulimi wamelipachika kaunta buku vilevile. Anayepokea zamu anaandika alipofunga sura ya mwenzake na kwa nini, kisha ndipo aanze yake. Sura ya pili imeandikwa upya kwa sababu ya ulimi uliosema "nimefunga, mwizi nimeshamjua."

Kijitabu kitasubiri, na nyota sizirudii kabisa. Nilipozijaribu kwa muda, kila riwaya ilipata tano, kwa kuwa kumnyima mtu mzima aliyeandika kitabu kizima walikuona ni kukosa adabu.

Kinachonikera kwa sasa ni kalenda. Oktoba ikiingia ni korosho, na Jumamosi zangu zinakonda: vijana wanakwenda mashambani na familia, Nanyamba, Tandahimba, wengine wanarudi Jumapili usiku. Nimewaambia wachukue vitabu waende navyo, na ndimi za akiba. Mama mkutubi amekubali kwa sharti kwamba kila kitabu kivikwe mfuko wa nailoni, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho yakigusa karatasi hayatoki. Anasema kweli. Kwa hiyo wiki hii natafuta nailoni nzito ya kuvalishia madaftari, ile ya kuuzwa kwa mita, kwa bei isiyoniua. Dukani kwangu imeisha, na kaunta buku liko Chikongola kwa kijana ambaye zamu yake ilikwisha Jumatano na hataki kulitoa.