Mbarika za mama

Wasee, jana nimepitia kwa mama Makueni nikamkuta uani anabangua mbarika (castor), eti zinaenda kukamuliwa mjini Wote, pale kwa kiwanda cha Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, kilichofunguliwa 2022 baada ya serikali kusaini mkataba na hao Waitaliano 2021, halafu mafuta yanapandishwa meli mpaka Gela, Italia, yakasafishwe huko. Nikamwambia, mama, Mei 2023 KQ (Kenya Airways) ilirusha ndege Nairobi hadi Amsterdam imechanganyiwa mafuta ya ndege ya haohao. Akacheka, "na mimi nitapandishwa lini?" 😂 Lakini serikali pia, si rifaineri ya Changamwe, Mombasa, haijasafisha mafuta tangu 2013, kwani lazima tusafirishe mafuta ghafi? Afu msimu uliopita mvua ilikataa, magunia mawili tu.