Pima bomba, usipime dirisha

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi mnaoenda kununua mapazia, tafadhali msipime dirisha. Pimeni bomba la kuning'inizia pazia. Bomba lizidi dirisha angalau sentimita 15 kila upande, halafu urefu wake uzidishe mara mbili ili pazia lipate mikunjo.

Mfano: bomba la mita 2.4 linataka upana wa mita 4.8. Kutoka bomba hadi sakafuni ni mita 2.3, ongeza sentimita 25 za pindo la juu na chini, unapata 2.55. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kitahitaji vipande vinne, yaani mita 10.2. Cha upana wa mita 2.8 kinalazwa ubavu, upana wake uwe urefu wa pazia, mita 5 zinatosha na hakuna kiungo katikati. Kwa hiyo linganisha bei ya pazia zima, bei ya mita moja inadanganya.

Pamba na kitani hurudi, yaani hupungua zikilowa. Loweka, kausha, piga pasi, ndipo fundi akate. Pazia la ringi liwe na ringi shufwa kila kipande, la sivyo ncha moja itatazama ukutani na nyingine chumbani.

Zulia nalo, baridi ya Juni isikuharakishe. Bandika nailoni kwenye sakafu ya saruji kwa utepe wa gundi pande zote, iache saa 24. Ukikuta matone chini yake, sakafu bado ina unyevu. Zulia litaota ukungu kwa chini na harufu haitoki.