Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuchelewesha kisasi

Saa 11 alfajiri

Simu ikilia saa hizi sijiulizi mara mbili. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, na ananipigia kwa sababu mgonjwa mwenyewe ameomba niitwe. Kijana wa miaka 17, jeraha la kisu begani, atapona. Ila rafiki zake watatu wamekaa nje ya wodi na hawataki kwenda kulala. Hao ndio walionitoa kitandani.

Saa 12 asubuhi

"Kaka, usinizuie," wa kwanza ananiambia kabla hata sijamsalimia. Simzuii. Namuuliza kama mama wa mwenzao ameshapewa habari. Kimya. Basi namtuma akamlete. Wa pili namwomba akae na mgonjwa, maana akiamka atataka kuona uso anaoujua. Wa tatu hasemi kitu, anatazama sakafu tu. Huyo ndiye aliyenitia hofu.

Sikuwa natibu hasira yao, nilikuwa navuta muda. Gary Slutkin, daktari aliyepambana na kifua kikuu na UKIMWI kabla ya kuanzisha mradi wake wa kuzuia ukatili Chicago, Marekani, mwaka 2000, aliona ukatili unaenea kama maradhi ya kuambukiza: mmoja anaumizwa, wenzake wanalipiza, na upande wa pili nao unalipiza. Akaajiri watu waliowahi kuishi maisha hayohayo, kwani kijana hamsikilizi mtu ambaye hajawahi kukaa alipokaa yeye. Mimi nami niliajiriwa kwa sifa hiyo, sifa ambayo mama yangu hapendi niitaje mbele za watu.

Saa 3 asubuhi

Kikao cha wiki. Yupo polisi, mwalimu, mtu wa hospitali, wazazi wachache na wazee. Mezani kuna ramani yenye vidoti vyekundu, kila kimoja mahali mtu alipoumizwa. Wazo hili lilitoka Cardiff, Uingereza, kwa Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa uso na mataya. Aligundua kwamba majeruhi wengi wa vipigo aliowashona hawakuwahi kuonekana kwenye kumbukumbu za polisi. Hospitali ikaanza kuandika mahali, saa na silaha iliyotumika, bila majina ya watu.

Vidoti vyetu vimerundikana kwenye kichochoro kimoja kinachopita kando ya kiwanja kilichotelekezwa. Magugu, takataka, giza. Nimelisema hili tangu mwaka jana. Philadelphia, Marekani, walisafisha viwanja vya namna hiyo, wakapanda nyasi na miti, wakaweka uzio mfupi wa mbao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa maskini zaidi matukio ya ukatili wa bunduki yalipungua kwa asilimia 29. Fyekeo na taa! Lakini mtu akisikia "kupambana na uhalifu" anawaza pingu.

Mzee mmoja, namheshimu sana, akashauri vijana wote wapelekwe gerezani kwa siku moja waone cha moto. "Mzee wangu," nikamjibu, "hilo lilijaribiwa Marekani tangu miaka ya 1970. Watafiti walipolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliorudi kwenye makosa zaidi." Hakufurahi. Na hilo neno "wote" nalo lina kasoro. Boston, miaka ya 1990, vijana wasiofika asilimia 1 ya rika lao walihusika na zaidi ya nusu ya mauaji ya vijana. Ukiwatisha mia moja kwa ajili ya mmoja, umewafundisha tisini na tisa kukuchukia.

Tukiwa tunatoka, polisi ananivuta pembeni na kutaka majina ya jana usiku. Nimemwambia ninachomwambia kila mara: siku nitakayokuletea jina, kesho yake hakuna atakayenipigia simu. Tumeachana kwa kupeana mikono, ila baridi.

Saa 6 mchana

Ripoti. Fomu ya mfadhili inauliza "matukio mangapi yamezuiwa?" Nimekodolea macho kisanduku kile dakika ishirini. Unahesabuje ngumi ambayo haikurushwa?

Saa 9 alasiri

Nasimama njia ya kutokea shuleni. Kengele ya mwisho ikishalia, na wazazi bado wako kazini, ndipo mambo huharibika. Leo ni zogo tu.

Saa 11 jioni

Duara la vijana kumi na wawili. Wamekaa wawili wawili. Mmoja nampa mpira, mwenzake namwambia: una sekunde thelathini uupate. Basi ni vurugu: viti vinaanguka, mashati yanavutwa, mmoja anang'ata. Muda ukiisha nauliza, "Nani aliomba apewe?" Hakuna. "Angekuomba, ungempa?" Mmoja anacheka: "Ningempa, kwani ni mpira tu."

Zoezi hili si langu, linatumika Chicago kwenye madarasa ya wavulana. Sitoi hotuba baada yake. Tunakaa tu na lile jibu, "ni mpira tu", kisha kila mmoja anataja mpira wake wa wiki hii. Deni. Msichana. Kutazamwa vibaya.

Maneno peke yake hayatoshi, nalijua hilo. Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliokuwa kwenye wizi na magenge waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na fikra, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine wakaambulia patupu. Miaka kumi baadaye, waliopata vyote viwili ndio waliodumu kwenye mabadiliko. Sisi tuna duara. Fedha tunaziomba kila mwaka.

Saa 2 usiku

Nimeupata mzizi wa kisu cha jana: video ya sekunde 11. Kijana aliye wodini alimrekodi mwenzake akilia kwenye maziko ya kaka yake, akaisambaza kwa kicheko. Nimekaa na kundi la upande wa pili saa mbili nzima, dakika nyingi bila neno. Sikuwaambia kwamba wamekosea kukasirika. Mimi mwenyewe ningekasirika.

Tumekubaliana mambo madogo. Nitahakikisha video inafutwa kesho. Pande zote mbili hazipiti kichochoroni hadi Ijumaa. Aliyechoma yuko kwa shangazi yake, na shangazi amesema asubuhi atakwenda naye kituoni, nimemwomba, sikumlazimisha. Siku nne za utulivu, basi. Kuna waliodhani nitarudi na mkataba wa amani.

Saa 6 usiku

Nimezima taa. Simu inatetema chini ya mto. Ni yule wa tatu wa asubuhi, aliyekuwa anatazama sakafu.

"Kaka, uko macho?"

Nimeketi kitandani, nikampigia.